Maziwa Mgando Linapita Ukweni

Yonasi wa Itaka alikuwa na heshima mpaka heshima yenyewe ikamchoka. Akikutana na kuku wa mzee njiani, anampisha. Akitaka kupiga chafya mbele ya wakubwa, anaomba radhi kwanza ndipo apige. Siku moja msibani nyuki alimtua mdomoni, na kwa kuwa kuna mzee alikuwa anaongea, Yonasi akamwacha nyuki amalize shughuli zake. Alitoka pale na mdomo kama andazi. Anayebisha aende Itaka akaulize. Wengi walioshuhudia wameshakufa, lakini makaburi yao yapo.

Namsimulia kwa sababu heshima yake ile, iliyosifiwa kanisani na sokoni, ndiyo iliyotunywesha sisi watu wa bondeni vinyesi vya mji mzima, na nusura imuue mke wake na mtoto aliyekuwa tumboni.

Kwao walikuwa wakulima wa kahawa. Ushirika ulipolegea na wanunuzi wa binafsi wakaanza kuja na mizani zao zenye huruma kwa mnunuzi tu, baba yake akamwambia kijana, kahawa imekuwa kinywaji cha wengine, nenda ukatafute chako. Akashuka Tunduma. Ilikuwa miaka ya tisini inaelekea ukingoni, kila mtu ameruhusiwa kuuza chochote, hata mwenye kibanda kimoja anajiita kampuni. Yonasi akabeba magunia mgongoni, anavuka nayo mpaka Nakonde, anarudi na sabuni na mafuta ya kupaka. Wateja wa Zambia aliwasalimu mulishani huku amepiga magoti. Wao walidhani ameangusha kitu, wakainama kumsaidia kukitafuta. Baadaye akawa utingo, na baada ya utingo akawa dereva, maana utingo mwenye heshima hafukuzwi, anasogezwa tu mbele mpaka anafika kwenye usukani.

Mji wenyewe ulikuwa unavimba. Malori ya kwenda Kongo na Zambia yalipanga foleni kuanzia mpakani mpaka karibu na Mpemba, na kila lori lina dereva, na kila dereva ana tumbo. Kila kiwanja kikaota gesti. Kila gesti ikaandikwa kwamba ina vyoo vya ndani, na mwenye nyumba anajivuna kwamba ukivuta kamba, kitu kinaondoka. Kinaondoka kwenda wapi? Kwenye shimo nyuma ya jiko. Mji mzima ulijua kula, hakuna aliyeuliza mwisho wa safari.

Aliyeuliza wa kwanza alikuwa Abdulwahab, mfanyabiashara kutoka Singida, mtu wa swala tano na kanzu nyeupe, mwenye gesti tatu jirani na mpaka. Hakuuliza kwa hiari. Masika moja mashimo yake yote matatu yalijaa kwa pamoja yakaja kumsalimia barazani, akiwa na wageni. Tangu siku hiyo akaapa kununua gari la kunyonya vyoo, ajinyonyee yeye na awanyonyee majirani. Alilipata kuukuu, kumbe lilianza maisha likibeba maziwa. Akalipaka rangi ya bluu mara mbili, lakini maandishi ya zamani yakakataa kufa. Jua likiwaka, ubavuni unasoma bila shida MAZIWA MGANDO. Hata sisi tusiosoma tulisomewa, na toka hapo lori halikuwa na jina lingine.

Madereva wote walikimbia. Yonasi naye hakulipenda, lakini alishindwa kumwambia hapana mtu mzima aliyemkaribisha chai.

Basi wakati huohuo wakubwa wa mradi wakajenga mabwawa ya majitaka, bondeni kupita Mpemba, upande wetu. Siku ya kufungua palikuwa na kwaya, hema, soda, na mgeni rasmi wa kukata utepe. Mtaalamu mmoja alishika spika akaeleza. Uchafu unaingia bwawa la kwanza, mzito unazama chini na kuoza. Maji yanahamia la pili, yanaanikwa na jua, yanaota ukijani unaoyala machafu. La tatu yanapumzika kwenye matete, halafu yanatoka taratibu kwenda mtoni bila kumdhuru mtu wala samaki. Mimi shule niliisikia kwa mbali kama ngoma ya kijiji kingine, lakini hilo nililielewa upesi, maana ndivyo tunavyofanya na pombe. Unaiacha itulie, machicha yanashuka, unachota ya juu. Tofauti ni kwamba hii hukaribishi wageni.

Kasoro ilikuwa moja. Njia ya kwenda mabwawani waliichora watu ambao hawakuwahi kuoa kwetu. Ilichepuka kutoka lami, ikavuka kalavati ya kijito cha Nakatete, ikapita katikati ya mashamba, ikazunguka ua wa jirani yangu Anastazia karibu kabisa na mlango wa jiko lake. Na Anastazia, mjane, mpika pombe ya komoni, mwanamke ambaye akiita kuku wake hata kuku wa Zambia wanaitika, alikuwa na binti mmoja fundi cherehani pale mjini, jina lake Irene. Na Irene alikuwa mke wa Yonasi.

Kwetu mkwe wa kiume na mama mkwe hawatazamani usoni. Wakikutana njiani, huyu anaingia kichakani, yule anageuza mgongo. Wakiwa na neno wanalipitisha kwa mtu wa tatu, na mtu akikosekana wanamwambia kuku, maana hata kuku asipolifikisha, litakuwa limeshafika. Mnaendelea hivyo mpaka mama mwenyewe atakapoamua yameisha. Siku hizi naona vijana wanamkumbatia mama mkwe kama ndugu aliyerudi kutoka vitani. Yonasi hakuwa wa hao. Alikuwa akiuona hata mti uliopandwa na mama mkwe wake, anainamisha kichwa.

Siku ya kwanza alikuja na lori limejaa mpaka kooni. Alipofika kwenye kona, akamwona Anastazia uani anakoroga pipa. Hebu jiweke wewe. Nyuma yako kuna mizigo ya madereva wa Kongo, wa Lusaka, wa Dar, inayumba na kudondoka, harufu imekutangulia kama mpiga tarumbeta, na mbele yako yupo mama aliyemzaa mke wako. Hata kinyesi chake mwenyewe mtu mwenye adabu hawezi kukipitisha pale, sembuse cha mataifa. Kunguru waliokuwa juu ya lori siku ile walivuka mpaka bila karatasi, hawajarudi.

Yonasi akarudi nyumanyuma, lori zima, kinyumenyume mpaka kwenye kalavati. Pale matete ni marefu na hakuna nyumba. Akashuka, akavuta mpira hadi kijitoni, akafungua koki. Nasikia alivua na kofia.

Heshima ya mama mkwe ikawa imelindwa. Kijito nacho kikapokea, kikateremka, kikazunguka kilima chetu bila haraka, kikatokea upande wa pili, kwenye jiwe ambapo Anastazia anachota maji ya kunywa. Mto haukuwa na mkwe wa kumwonea haya. Yonasi alijiambia kwamba maji yakitembea yanajiosha yenyewe, kama kwamba kinyesi nacho kikitembea kinageuka kuwa kitu kingine. Kesho yake akarudia. Baada ya hapo haikuwa tena dharura, ikawa kazi.

Huko mabwawani, Amoni, mlinzi aliyeajiriwa kulinda majitaka, alikaa akilinda jua. Bwawa la kwanza likapasuka kama kisigino. La tatu wakahamia mbuzi. La pili Amoni akalima maboga, na maboga yalikubali. Lilitoka moja kubwa hivi kwamba mbwa wake alizalia ndani yake. Wakaja wageni wa ukaguzi, wamevaa viatu vya kung'aa na vitambaa tayari mkononi kwa ajili ya pua. Walisimama ukingoni. Mmoja akanusa kidogo, kama anayeonja mchuzi wa jirani. Akanusa tena.

"Hakuna harufu kabisa," akasema.

Wenzake wakapiga makofi. Walimuuliza Amoni siri ni nini, akajibu ni usimamizi. Wakaondoka wameridhika, kila mmoja na boga lake, na kumbe walikwenda kutusifu. Baada ya muda wakaanza kuja watu wa miji mingine kujifunza namna ya kuendesha mabwawa yasiyonuka. Amoni alinunua kofia ya kupokelea wageni.

Sisi wa chini ya kilima hatukujifunza lolote, tulikuwa tunaharisha. Kwanza kijito kilitoa povu. Kisha mawe yakavaa utando wa kijani, mzito, unaoteleza kama ulimi wa ng'ombe. Ng'ombe wenyewe wakawa wanafika majini, wanatazama, wanatutazama, wanarudi nyumbani na kiu. Sisi wenye akili tukachota. Kambare walipanda hadi barabarani na kusimamisha malori wakiomba kupelekwa kwingine; wawili walifika Kapiri Mposhi. Wanywaji wa Anastazia walisema komoni ya mwaka ule ina nguvu haijapata kutokea, mtu anamaliza kikombe na anatoka mbio. Akasifika mpaka Vwawa.

Ila watoto hawakunywa komoni na walitoka mbio hivyo hivyo. Mtoto anaamka na macho yameingia ndani, midomo mikavu, mama yake anazunguka naye mgongoni hajui ashike wapi. Hapo sina utani.

Bwana afya alikuja, akatukuta tumekaa chini ya ukuta tumeshika matumbo. Akatukemea. Alisema ni uchafu wetu, hatuna vyoo vya kueleweka, tunakwenda porini kama mbweha. Tukachimba vyoo, kila nyumba, na vya akiba. Mchungaji naye akaona ni dhambi, akatuita tukatubu. Tukatubu hata tusiyoyatenda, mengine tukatamani tungeyatenda kwanza. Tukawa watu wasafi, waliosamehewa, wanaoharisha.

Hayo yote Yonasi aliyasikia mjini, akawa anakula kidogo. Angeweza kuacha. Wewe na mimi tungeacha, maana sisi ni wepesi kuacha makosa ya watu wengine. Lakini kila alipowasha lori na kusema leo napita, alifika kwenye ile kona na kuliona jiko la mama mkwe, mguu wake ukakanyaga breki bila kumuuliza.

Ndipo Irene akapata mimba ya kwanza. Na mtoto wa kwanza kwetu anazaliwa kwa mama wa mke. Tumbo likishakuwa kubwa, binti anarudi nyumbani, anakandwa, anapikiwa uji, anaogeshwa maji yaliyochotwa na mama yake mwenyewe. Yonasi alipofikiria yatachotwa wapi, usingizi ukamhama. Alijaribu kumshawishi mkewe abaki mjini karibu na hospitali. Irene akajibu kwamba mama yake ana mikono ya kuzalisha hata mlima, akafunga nguo zake, akaenda. Kumwambia ukweli Yonasi hakuweza. Atamwambiaje mke kwamba mama yako nimemnywesha nini?

Akatafuta mtu wa tatu, kama inavyotakiwa. Akamtuma Rubeni, mzee aliyemposea. Alimweleza yote, kalavati, koki, kijito, akamsihi aende amwambie mama asichote tena. Rubeni alisikitika kweli, akaenda. Lakini Rubeni naye alikuwa mshenga, na mshenga hafiki ukweni akataja kinyesi. Alikaa kwenye kigoda, akanywa kikombe kimoja cha ile komoni, akasafisha koo.

"Mkweo anasalimu sana," akamwambia Anastazia. "Anasema mto umechoka."

"Mwambie apumzike yeye, ndiye anayeendesha gari," Anastazia akajibu.

Rubeni akaona ujumbe umefika. Akaaga haraka, kwa sababu ya kile kikombe.

Yonasi akabadilisha mbinu, akaanza kutuma maji ya chupa, katoni kwa katoni, yakiletwa na bodaboda. Hapo aliharibu kabisa. Anastazia alizitazama zile katoni akavimba. Alinijia analalamika: mkwe gani huyu anayemletea mtu maji, kana kwamba mimi nakaa jangwani? Maji ya mto wangu yaliyomkuza Irene leo hayamfai mkewe? Maji ya chupa akawapa kuku, mengine akaoshea masufuria. Naye akaendelea kumchotea mwanawe kijitoni, safari mbili badala ya moja, kwa hasira na upendo. Kuku wake ndio waliokuwa na afya kuliko viumbe wote bonde zima.

Irene akaanguka. Alianza kutapika asubuhi, jua lilipopanda hakuweza kusimama, miguu inakakamaa, sauti imekwisha. Tukampakia kwenye pikapu ya mahindi, mama yake amempakata, mimi nimeshika kichwa, tukakimbia naye hospitali mjini. Wakamtundikia dripu. Mganga alimpima, akampima na mtoto kwa kile kipaza sauti chao cha tumboni, akasikiliza muda mrefu kuliko tulivyopenda. Alisema mama amekaukiwa, mtoto anacheza kwa unyonge, na ugonjwa umeletwa na maji. Tukaitikia kama watu wanaoelewa.

Yonasi alikuja mbio. Lakini kando ya kitanda alikaa mama mkwe, kwa hiyo hakuweza kuingia. Alisimama nje, nyuma ya ukuta, chini ya dirisha, amejibana kama mwizi wa papai. Aliyasikia yote kupitia wavu: mtoto kucheza kwa unyonge, maji, kukaukiwa. Mimi nilitoka kutema mate nikamwona amejifunika uso kwa kofia, mabega yanatikisika. Nikampa kanga yangu afutie pua.

Dripu zikafanya kazi. Siku ya tatu Irene akaomba chakula, na mganga akasema mtoto ameanza kupiga teke la maana. Anastazia akasimama, akatangaza kwa sauti yake ile ya kuitia kuku kwamba anamrudisha mwanawe nyumbani.

"Hapa mnamlisha maji ya chupa kupitia mkononi," akawaambia manesi. "Akifika kwangu atakunywa maji ya mto, atanenepa."

Wanasema chini ya dirisha kulisikika kitu kama gunia limedondoka.

Asubuhi iliyofuata, Irene amesharudi kwa mama yake, nilikuwa shambani kwangu nachuma majani ya maharage, ng'ambo tu ya njia, nikasikia lori. Maziwa Mgando tulikuwa tunalifahamu kwa mlio wake tangu likiwa lami, linalia kama ng'ombe mwenye mafua. Kwa kawaida lilinyamaza pale kalavatini. Siku hiyo halikunyamaza. Likavuka, likaja, harufu ikaja, majani yangu ya maharage yakajikunja.

Na kutoka upande wa mto Anastazia anapanda, ndoo kichwani imejaa, anaharakisha uji wa mgonjwa. Wakakutana kwenye kona. Huku na huku njia imebanwa na ua wa minyaa, hakuna kichaka cha kuingia, na lori haliingii kichakani hata kikiwepo. Anastazia akageuza mgongo palepale, ndoo kichwani, kama nguzo. Yonasi akazima injini, akajilaza chini ya usukani. Ungepita wakati huo ungeona lori lisilo na dereva linamsindikiza mwanamke asiyekwenda popote.

Wakakaa hivyo. Lori linadondoka, to, to, to. Mimi nikachuchumaa kwenye mahindi, maana macho yangu hayakuhusika na heshima za watu. Pale kando alifungwa mbuzi wa Anastazia, anatafuna kipande cha gunia. Mwishowe Anastazia akamgeukia yule mbuzi.

"We mbuzi," akasema. "Kuna gari linanuka nyuma yangu. Mwambie mwenyewe arudi alikotoka."

Sauti ikatoka chini ya usukani, nyembamba.

"Mbuzi, mwambie mama gari halirudi. Likirudi linamwagwa mtoni."

"Muulize, mtoni wapi?"

"Pale kalavatini."

"Muulize, limeanza lini kumwagwa?"

"Mwambie tangu mabwawa yafunguliwe. Mwambie ndiyo maana nilileta maji ya chupa. Na mzee Rubeni nilimtuma aseme, sijui alisema nini."

Anastazia alishusha ndoo. Aliinama akaitazama ndani kama mtu anayetazama kisima alichotumbukia mtoto. Nilimwona kwa pembeni mdomo wake unachezacheza, nikajua anahesabu, anarudi nyuma uji kwa uji, kikombe kwa kikombe, mpaka kwenye pikapu ya mahindi. Mbuzi akaacha kutafuna.

"Muulize kwa nini," akasema, na sauti hii haikuwa ya kuita kuku.

"Mwambie niliona haya kupita na uchafu mbele ya mama yangu."

Nilidhani atapiga mayowe. Hakupiga. Aliinyanyua ile ndoo, akatembea kinyumenyume hadi kwenye lori bila kumtazama mkwe, akaimwaga yote kwa kuipitisha juu ya bega lake, kwenye kioo cha mbele, maji na utando wake.

"Mbuzi, mwambie huyu mtoto wa watu," akasema. "Ameona haya macho yangu, akasahau nina tumbo. Akiniheshimu hivi tena atanizika mimi na mwanangu na wa kwake aliye tumboni. Sasa apite. Apite hapa mlangoni kwangu mchana kweupe, kila siku, na honi apige. Nikikosa kulinusa hilo gari, nitajua amerudi kule, na hapo nitageuka nimtazame usoni mbele ya watu."

Kwa Yonasi tishio hilo lilikuwa baya kuliko jela. Akawasha lori. Wiper zikakwangua ule ukijani huku na huku, na Maziwa Mgando likapita ukweni kwa mara ya kwanza, pole pole, linadondoka, dereva amefumba jicho la upande wa jiko.

Amoni alipoliona linaingia mabwawani alikimbilia mbele akainua mikono. Akamsihi Yonasi asubiri maboga yakomae. Hayakusubiriwa. Wiki chache tu bwawa la kwanza likajaa, la pili likapokea, na mabwawa yakaanza kunuka kama mabwawa.

Basi wakubwa wa mradi wakaja juu. Walifika na vitambaa puani, safari hii wakavitumia. Waliuliza kwa ukali nani ameleta uchafu kwenye mabwawa ya uchafu. Walisema mfano wa kuigwa umeharibika, kuna wageni wengine wako njiani, wageni wakubwa, na picha zitapigwa. Wakamwita Yonasi wakamwagiza asimamishe lori mpaka wageni waje na kuondoka, halafu tutaona. Wakamkumbusha wao ni watu wazima na hilo ni agizo.

Yonasi alisimama mbele yao amekunja kofia mikononi, magoti yameshaanza kujikunja, kichwa kimeshainama. Mtu huyo hakuwahi kumkatalia mkubwa tangu azaliwe. Amoni mwenyewe ndiye aliyetusimulia.

"Haiwezekani, wazee wangu," akasema. "Mama mkwe amesema nipite."

Wakatazamana. Kulikuwa na Wanyiha pale, kulikuwa na Wanamwanga, alikuwepo na Mndali mmoja, na kila mmoja ana mama mkwe wake mahali fulani. Sheria za mazingira walikuwa wanazijua kwa vifungu na zilikuwa hazijawahi kumzuia mtu. Hii nyingine hakuna aliyejua anaijibuje. Mwisho mkubwa akasema basi apite, ila asipige honi. Yonasi akaomba radhi, akasema na honi pia ameagizwa.

Irene alikunywa maji ya mvua, yakichemshwa mara mbili na mama yake, ambaye sasa alichemsha kila kitu, hata sabuni. Alijifungua mtoto wa kike, wakamwita Nesta, mzima, mwenye mapafu ya bibi yake. Masika yalipokuja yakasukuma yale mabaya kwenda yalikokwenda, mawe yakavua utando, vyura wakarudi mmoja mmoja wakiwa na mashaka. Ng'ombe walikunywa kabla yetu. Tuliwaacha watangulie, tukawatazama siku nzima. Komoni ya Anastazia ikapungua nguvu, na walevi wengine wakamhama wakisema siku hizi anabania.

Lakini kuamini hatuamini. Asubuhi wanawake tunapanga ndoo zetu kando ya njia, pale kwenye kona, tunakaa, tunasengenya, hakuna anayeshuka mtoni. Lori likichelewa, kiu inakaa. Likisikika, Anastazia anamfunga Nesta mgongoni, anasogea mpaka ukingoni na kugeuza mgongo kama inavyotakiwa, na Nesta peke yake, kwa kuwa bado hajafundishwa, anamtazama baba yake na kumpungia mkono. Yonasi anapiga honi, amefumba jicho. Anastazia anavuta pumzi ndefu puani, anaishikilia, anaionja, na sisi tunamsubiri.

"Limejaa," anasema, na tunabeba ndoo zetu.